Mgomo wa Watu Waliokuwa Kazini

Nchi ninayoisimulia haipo. Nimeitafuta kwenye ramani sikuiona, nikauliza posta wakaniambia barua haziendi huko. Kwa hiyo asije mtu akanishika shati na kuniuliza, "Hii si ni sisi?" Kama ni ninyi, jiulizeni mmefanya nini mpaka mkafanana na nchi isiyokuwepo.

Nchi hiyo ilikuwa na amani nyingi mno. Kila mwaka ilipeleka takwimu kwenye mkutano mkubwa wa mataifa, na kila mwaka, kwenye safu ya siku za kazi zilizopotea kwa migogoro ya wafanyakazi, iliandika sifuri. Sifuri yenyewe ilikuwa ya mviringo, imechorwa kwa wino wa kijani, na wajumbe wa mataifa mengine walikuwa wakisimama kuitazama kama watu wanaotazama tausi.

Si kwamba watu hawakugoma. Wapakiaji wa bandarini waligoma mwaka ule wa mvua kubwa, na waliomwagiwa maji ya kuwasha bado wako hai baadhi yao. Ukitaka majina nitakupa, na mitaa yao. Wakata miwa waligoma mara tatu. Lakini sheria ilisema kwamba mgomo, ili uitwe mgomo, sharti uwe na chanzo, na chanzo kiwe kimoja kati ya saba vilivyopitishwa na Bunge: uvivu, wivu, uchochezi kutoka nje, uchochezi kutoka ndani, redio, mbalamwezi na ushirikina. Njaa iliwahi kuwa chanzo cha nane. Ikafutwa mwaka wa ukame, kwa sababu wananchi walikuwa wanaitumia vibaya.

Mgomo ambao haukupatiwa chanzo uliandikwa "mapumziko ya hiari." Kwa hiyo wapakiaji wa bandarini walimwagiwa maji ya kuwasha wakiwa mapumzikoni.

*

Kusini mwa nchi hiyo kulikuwa na kiwanda cha korosho. Ndani yake walikaa wanawake mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja na jiwe lake na kirungu chake, wakibangua. Asiyewahi kubangua korosho anadhani ni karanga. Ganda la korosho lina mafuta ndani yake, na mafuta hayo yakigusa ngozi yanaiunguza, yanaigeuza nyeusi, kisha yanaimenya. Dawa yake inajulikana tangu mabibi: majivu. Unachovya vidole kwenye majivu, unabangua, unachovya tena. Hayazuii yote, lakini mtu anazeeka na mikono yake.

Pembeni ya kila jiwe palikuwa na kifuu cha majivu. Kilikuwepo kabla ya kiwanda kuwa na bati.

Ndipo akaja meneja mpya, Bwana Kilimba, mtu msafi sana, aliyebadilisha shati saa sita mchana. Akapita kati ya mistari, akaokota kiini kimoja, akakiinua kwenye mwanga.

"Hiki ni nini?"

"Korosho, bwana meneja," alijibu Bi Somoe, aliyekuwa amekaa karibu. Miaka kumi na sita alikuwa pale, na wenzake walimpa uongozi bila kumpigia kura, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akijibu.

"Nauliza hii rangi. Ina kijivu. Mnunuzi wa ng'ambo anataka nyeupe. Korosho nyeupe ni sura ya taifa."

"Na mikono yetu je, bwana meneja?"

"Mikono haisafirishwi nje, mama."

Kesho yake vifuu vyote mia tatu na kumi na viwili vikakusanywa kwa toroli na kumwagwa. Fikiria, msomaji: majivu! Kitu ambacho nchi ile ilikuwa nacho kwa wingi kuliko kitu kingine chochote. Wanawake walikwenda kwa meneja, wakaambiwa glovu zimeagizwa. Zilikuwa zimeagizwa mwaka huo, zikawa zimeagizwa mwaka uliofuata, na mwaka wa tatu zilikuwa bado zimeagizwa. Kufikia hapo vidole vya wanawake wale vilikuwa vimemenyeka na kupona na kumenyeka tena, mpaka ncha zake zikawa laini kama mgongo wa kijiko. Alama zile ambazo Mungu humchorea kila mtu za kwake, hazikuwepo.

*

Mwaka wa tatu huo Wizara ya Kazi, Utulivu na Takwimu ikazindua kampeni: Kila Siku Ihesabiwe. Daftari la mahudhurio likapigwa marufuku nchi nzima, kwa maelezo kwamba kalamu ndiyo mama wa uongo. Badala yake kila kiwanda kikaletewa mashine ya vidole. Mfanyakazi anaweka kidole, mashine inalia pii, na jina lake linaruka moja kwa moja mpaka makao makuu. Asiyeliliwa siku tatu mfululizo, mashine yenyewe inamwandika mgomaji, bila kumuuliza mtu. Haikuuliza hata chanzo. Watu wa takwimu walisahau kuifundisha vile vyanzo saba na yale mapumziko ya hiari.

Karani wa mahudhurio aliitwa Stambuli. Alikuwa amewaita wanawake wale majina kwa sauti kila asubuhi kwa miaka kumi na miwili, na alimjua mgonjwa kwa namna anavyoitikia. Siku ya kwanza akasimama karibu na mashine, akavaa tai.

Bi Somoe akaweka kidole gumba. Taa nyekundu. Akaweka cha shahada. Nyekundu. Akaweka vyote kumi, kimoja kimoja, akamalizia na kisigino cha mkono.

"Mashine inasemaje?" akauliza.

"Inasema mtu hayupo," akajibu Stambuli kwa haya.

"Wewe unasemaje?"

"Bi Somoe, mimi nakuona. Nakuona mpaka shanga za shingoni. Lakini macho yangu hayajaidhinishwa."

Wote mia tatu na kumi na wawili, nyekundu. Walioliliwa pii ni wawili tu kiwandani: mlinzi wa lango na Bwana Kilimba. Stambuli akapiga simu makao makuu. Mafundi wakajibu kwamba mashine imepimwa katika nchi tatu zilizoendelea na haina kosa. Kasoro ni ya watu, na watu hawamo kwenye dhamana.

"Basi turudi nyumbani?" wakauliza wanawake.

"Nyumbani?" Bwana Kilimba alishtuka kwelikweli. "Magunia yamejaa humo ndani! Ingieni mbangue, haya mambo ya kompyuta yatarekebishwa."

Wakaingia, wakabangua. Siku ya nne ikafika barua kutoka wizarani: wanawake mia tatu na kumi na wawili wako kwenye mgomo. Na kwa kuwa mgomaji halipwi, Bwana Kilimba akajikuta ana kiwanda kinachofanya kazi ya kutwa bila gharama. Akaisoma barua ile mara mbili, kisha akaibandika ukutani ndani ya fremu.

Barua ilikuwa na aya ya pili. Mgomo ukifika siku ya arobaini, ilisema, wagomaji wote watakuwa wamejifuta kazi wenyewe, na nafasi zao zitatangazwa.

*

Mchana huo, wakati wa kula, palizuka ugomvi bandani. Binti mmoja wa mstari wa nyuma akasimama.

"Jamani, si tumeshaandikwa tumegoma? Basi tugome kweli! Angalau nipumzishe kiuno."

"Kaa chini," akasema Bi Somoe. "Tukiacha kazi leo, tutakuwa tumewasainia uongo wao. Wanasema hatupo. Sisi tuwepo. Tuwepo mpaka waone aibu."

"Na wasipoona?"

"Mtu hawezi kusimama mbele ya watu mia tatu akasema hawapo. Hata shetani ana mipaka."

Wakamsikiliza. Wanawake wale walikuwa na kasoro hiyo moja: waliamini kwamba ukweli ukifanyiwa kazi kwa bidii, utalipwa. Wakabangua kuliko kawaida. Mwezi huo, wakiwa mgomoni, walivunja rekodi ya kiwanda.

*

Makao makuu hali ilikuwa mbaya. Sifuri ya kijani ilikuwa imeharibika. Siku ya thelathini na moja Waziri, Mheshimiwa Luhoyo, akatua kiwandani na magari kumi na moja na bendi ya tarumbeta.

Aliingia bandani. Virungu mia tatu na kumi na viwili vilikuwa vikigonga, ko-ko-ko-ko, hata tarumbeta hazikusikika. Waziri akapanda juu ya kreti, akafungua hotuba.

"Ndugu zangu wagomaji!"

Ko-ko-ko-ko.

"Ndugu wagomaji! Nawaomba mwache hizo kelele kidogo, nipate kuwasihi mrudi kazini!"

Wakaacha. Waziri akahutubia kwa dakika hamsini. Akasema taifa ni mtungi na mfanyakazi ni kata. Akasema mkono mvivu ni adui mwenye vidole vitano. Akasema yeye mwenyewe alilelewa na mama mbanguaji, jambo ambalo alikuwa amelisema pia kwa wakata miwa, ila kule mama alikata miwa. Katika siku arobaini za mgomo ule, dakika hizo hamsini ndizo peke yake ambazo kazi ilisimama.

Alipomaliza, Bi Somoe akainuka.

"Shikamoo mheshimiwa."

"Marahaba, mama."

"Mheshimiwa, sisi tuko kazini. Hiki nilichoshika ni kirungu. Hili ni jiwe. Wewe mwenyewe umetuomba tuache kugonga."

Waziri akatabasamu kwa huruma. "Mama yangu, mimi kama mtu nakuona. Lakini serikali haioni kwa macho. Kuona kwa macho ndiko kulikotuletea upendeleo, undugu na rushwa. Leteni maombi rasmi ya kutambuliwa mpo. Yasainiwe, kwa dole gumba, na kila mhusika."

Kidau cha wino kikaletwa palepale. Stambuli akakishika kidole cha Bi Somoe kama mtu anayeshika yai, akakigandamiza kwenye karatasi. Kikabaki kiduara cheusi tii, bila mstari hata mmoja. Katibu wa Waziri akakipima kwa kioo cha kukuzia.

"Hili ni doa," akatangaza.

"Ni mimi," akasema Bi Somoe.

"Mama, doa ni doa. Doa halina haki ya kuomba."

Hapo mwanamke yule sauti ikampanda. "Basi turudishieni majivu! Ninyi ndio mliochukua majivu, majivu ndiyo yaliyokuwa yanatunza vidole. Tupeni majivu mwaka mmoja, ngozi irudi, mashine yenu itatuona! Hatuombi hata senti. Majivu!"

Waziri akamgeukia katibu. "Wanataka nini?"

"Majivu, mheshimiwa."

"Kwenye vyanzo saba, majivu yamo?"

Katibu akafungua kitabu cha sheria, akapekua, akakuna kichwa. "Majivu hayamo, mheshimiwa. Lakini majivu hutumiwa na waganga."

"Alaa!" Waziri akashuka kwenye kreti kwa furaha ya mtu aliyepata ufunguo: ushirikina si kosa la serikali. Jioni hiyo redio ikatangaza kwamba chanzo cha mgomo wa kusini kimegunduliwa na kwamba ni ushirikina, na ikawasihi wananchi waendelee kuwa watulivu kama walivyokuwa.

*

Siku ya arobaini ilikuwa Jumatano. Wanawake walibangua mpaka saa kumi, wakafagia maganda, wakapanga virungu. Stambuli akasoma majina kutoka kwenye karatasi ya makao makuu. Kwa mara ya kwanza tangu mashine ije, aliwaita wote kwa sauti, kama zamani, na kila mmoja akaitikia "nipo," kwa mazoea. Alikuwa anasoma orodha ya waliofutwa. Alipofika herufi ya M ilimbidi avue miwani.

Kesho yake tangazo likabandikwa langoni: Wanahitajika wasichana mia tatu na kumi na wawili wenye vidole kamili.

Mji ule ulikuwa mdogo. Wasichana wenye vidole kamili waliokuwepo ni mabinti wa wale waliofutwa.

Bi Somoe alikuwa na binti mmoja, Mwajabu, wa miaka kumi na tisa. Wakati wanapika uji asubuhi, Mwajabu akauliza, "Mama, niende?"

"Nenda."

"Wewe ndiye unayeniambia hivyo?"

"Nitakwambia nini kingine? Mimi sindano siishiki, inaniteleza. Chumvi naishika kwa kiganja kama mtoto. Nyumba hii inakula kwa korosho tangu bibi yako."

"Na vidole?"

Bi Somoe akakoroga uji. "Vitakutosha miaka miwili, mitatu. Mimi vilinitosha kumi na sita kwa sababu nilikuwa na majivu."

"Halafu?"

"Halafu utakuwa na binti." Akaepua sufuria. "Nilikosea, mwanangu. Niliwaambia wenzangu tubangue, watatuona. Kumbe walikuwa wanatuona siku zote. Unafikiri kipofu anaweza kuchagua korosho nyeupe namna ile? Kula uji, uende."

*

Foleni ya wasichana ilianzia langoni ikafika barabarani. Bwana Kilimba alisimama kivulini na shati la pili la siku. Waandishi wa serikali walikuwa na kamera. Mwajabu alikuwa wa kwanza, kwa sababu alifika wa kwanza; hakuna mtu aliyempanga, ingawa baadaye waliandika kwamba alipangwa.

"Weka kidole, mwanangu," akasema Stambuli.

"Shikamoo baba Stambuli. Kwanza niulize. Ndani mna majivu?"

Karani akamtazama meneja. "Majivu ni ushirikina. Imetangazwa."

"Glovu?"

"Zimeagizwa."

Mwajabu akaitazama mashine. Kisha akaingiza mikono yote miwili chini ya khanga, kwapani, akasimama hivyo.

"Kidole!" akafoka Bwana Kilimba.

"Sina."

"Nimekiona sasa hivi!"

"Umekiona wewe, bwana meneja. Macho yako yameidhinishwa lini?"

Kicheko kilianzia kwa msichana wa pili, kikaenda nyuma foleni nzima, na kila kilipopita mikono ilikuwa inaingia ndani ya khanga. Hawakuimba, hawakubeba bango. Walisimama pale mpaka jua likawa kali, kisha wakaenda zao, na kesho yake wakarudi kusimama.

Kiwandani korosho zilizochomwa zilianza kuota ukungu. Siku ya sita Bwana Kilimba akapiga simu wizarani akilia. "Nina mgomo! Mgomo wa kweli, naapa! Hakuna kirungu kinachogonga!"

"Subiri," akajibiwa. Zikasikika karatasi. "Wale wa zamani si wafanyakazi, walifutwa. Hawa wapya bado hawajasajiliwa. Kiwanda chako hakina mfanyakazi hata mmoja, bwana meneja, na kisicho na wafanyakazi hakiwezi kuwa na mgomo. Hongera. Mkoa wako umerudi kwenye sifuri."

Ripoti ya mwaka huo ilisomwa mbele ya mataifa. Waliipigia makofi wamesimama.

*

Sasa ningependa kukwambia, msomaji, kwamba wasichana walishinda. Nchi yenyewe haipo, ningeweza kuimalizia nitakavyo. Lakini njaa, ingawa ilifutwa kwenye orodha, haikuwa imearifiwa.

Siku ya ishirini na mbili, wasichana kumi na wanne waliweka vidole. Pii, pii, pii. Siku iliyofuata, sitini. Walioanza kuingia nawajua wote kwa majina, na sitawataja, kwa sababu nayajua pia majina ya wadogo zao waliokuwa wamelala bila kula. Waliowataja kwenye baa walikuwa wanaume waliokuwa wameshiba.

Bi Somoe hakuwatukana. Wiki hiyo alikusanya wenzake waliofutwa, wakazunguka nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko, na Jumatatu alfajiri alikuwa amesimama barabarani, hatua tano nje ya lango, na debe la majivu. Kila msichana aliyekuwa anakwenda kuweka kidole alipita kwake kwanza. Alimjazia kwenye kipande cha khanga, akakifunga fundo. "Ficha kiunoni. Chovya kila korosho tatu. Usione haya, wewe ingia." Wengine walilia, akawaambia waache kulowesha majivu. Mlinzi wa lango aliyekuwa na amri ya kupekua alijikuta kila mara ana jambo la kutazama upande wa pili wa barabara.

Mnunuzi wa ng'ambo akaandika barua kwamba korosho zina kijivu.

Alhamisi likaja gari la polisi. Walimchukua Bi Somoe kwa kosa la ushirikina kwenye njia ya umma, na debe lake kama kidhibiti. Alipanda garini bila kushikwa. Mpaka leo hajarudi, na wizara, ikiulizwa, inajibu kwamba katika kumbukumbu zake hakuna mtu wa namna hiyo.

Ijumaa alfajiri palikuwa na debe jingine, na Mwajabu nyuma yake. Yeye hajaweka kidole kwenye mashine ile mpaka leo. Msichana wa kwanza kufika alikuwa jirani yao; akanyoosha kiganja kimoja huku akiangalia huku na huku kuona kama gari la polisi linakuja.

"Miwili," akasema Mwajabu. "Nyoosha yote miwili, shoga yangu. Unabangua kwa mkono mmoja wewe?"